Jinsi ya kuingia kwenye kazi ya kuvuta matrela ya vifurushi usiku hapa Marekani, na kudumu nayo

Naandika hii kwa ndugu zetu walioko Marekani, Watanzania, Wakenya, Wakongo, Warundi, wote mnaoulizana kila siku kwenye magrupu ya WhatsApp kazi ya kuvuta matrela ya vifurushi ikoje, inalipa au hailipi, mtu anaingiaje. Wengi wakisikia kazi ya vifurushi wanamfikiria yule jamaa wa kigari anayeacha boksi mlangoni na kulipiga picha. Kabla boksi halijamfikia yeye limeshapanda trela moja, mbili, wakati mwingine tatu, limetolewa kituo kikubwa cha kupangia mizigo likapelekwa kingine mbali huko, na sehemu kubwa ya safari hiyo inafanyika usiku kwa sababu mzigo unakusanywa mchana, unapangwa jioni, unasafiri usiku, na asubuhi unatakiwa uwe umeshafika kwa watu wa vigari. Kwa hiyo elewa hili kabla hujalipa hata senti ya shule: hii ni kazi ya usiku. Kuendesha utafundishwa na utajua tu. Kinachowatoa watu kwenye kazi hii ni kushindwa kulala mchana, ndiyo maana sehemu kubwa ya maelezo yangu itakuwa nyumbani kwako.

Kwanza chagua mlango wa kuingilia

UPS wanaajiri madereva wao wenyewe, hawa wa matrela wanawaita fida, na wako chini ya chama cha wafanyakazi cha Teamsters. Mkataba wa sasa ulianza tarehe 1 Agosti 2023 na unaisha 31 Julai 2028. Pale kitu kikubwa ni ukongwe, yaani tarehe yako ya kuanza kazi ndiyo inaamua utachagua ruti gani, likizo yako itakuwa lini, nani abaki nyumbani mzigo ukipungua. Wengi hawaingii moja kwa moja kwenye trela, wanaanzia ndani kupakia na kupakua, ile kubeba boksi yenyewe hasa, au wanaanza na gari la kugawa mitaani, halafu nafasi ya fida ikitangazwa wanaandika jina. Ni mlango wa subira. Lakini malipo ni ya saa, kuna ovataimu, bima ya afya, penshoni. Wale wanaoendesha wawili wawili kwa magari ya kulala ndani wao wanahesabiwa maili.

FedEx upande wa Ground ni habari nyingine, hapo mwajiri wako ni mkandarasi mwenye magari, nembo ya mlangoni isikuchanganye. Kuna wakandarasi wazuri sana na kuna wengine ukipigiwa simu ya kwanza tu unasikia harufu. Posta ya Marekani nayo inatoa kandarasi za kuhamisha barua na vifurushi kati ya vituo vyake, na kizuri cha kandarasi hizo ni kwamba Wizara ya Kazi inapanga kiwango cha chini cha mshahara wa dereva pamoja na pesa ya marupurupu ya afya, kwa hiyo ukiajiriwa huko omba kuonyeshwa karatasi ya kiwango cha eneo lako, ni haki yako kuiona. Halafu kuna Amazon, ambako kampuni ndogo ndogo zinachukua safari kupitia programu ya Relay na wewe unaendesha kwa hizo kampuni.

Ukiongea na mkandarasi yeyote usiulize maili inalipwa senti ngapi tu ukaridhika. Uliza: nikifika yadi nikakuta trela halijamaliza kupakiwa nikasubiri masaa matatu, nalipwa? Kuunga na kuachia matrela kunalipwa? Gari likiharibika njiani, ile siku ni ya nani? Kodi inakatwa kwenye hundi au mnanipa fomu ya 1099, ile ya mtu asiyehesabiwa kuwa mwajiriwa? Hili la mwisho lichukulie kwa uzito, maana ukiwa unaendesha gari lake, kwa ruti yake, kwa ratiba yake, halafu anakuita mfanyabiashara huru, ana maana kodi zote za mwajiri anakubebesha wewe, na siku ukiumia hana habari na wewe. Jua pia kwamba sheria ya ovataimu ya serikali kuu kwa kawaida haiwagusi madereva wa malori yanayovuka majimbo, kwa hiyo usidhani ukizidisha saa 40 kwa wiki lazima ulipwe moja na nusu, inategemea mkataba wako na jimbo lako. Majibu yote yaombe kwa maandishi, hata kwa meseji.

Makaratasi

Unahitaji CDL, yaani leseni ya magari makubwa ya biashara, ya daraja A. Tangu tarehe 7 Februari 2022 huwezi kujifunza kwa kaka yako kwenye uwanja wa kanisa ukaenda kufanya jaribio, lazima upite kwa mwalimu au shule iliyosajiliwa kwenye orodha ya serikali kuu ya watoa mafunzo, kwa hiyo kabla ya kulipa angalia jina lao lipo. Ukifanya jaribio kwa gari la otomatiki leseni inawekewa alama ya kukuzuia gia za mkono, kama unaweza fanya kwa gia za mkono uwe huru. Kuvuka majimbo lazima uwe umetimiza miaka 21. Cheti cha afya kinatolewa na daktari aliyeko kwenye rejista, kinadumu kwa muda usiozidi miaka 2, na ukikoroma sana jiandae kupelekwa kupimwa kama unakosa pumzi usingizini, usikasirike, kile kipimo kimeokoa watu.

Vifurushi vinataka kitu cha ziada: idhini ya T, ya kuvuta trela zaidi ya moja. Ni mtihani wa maandishi tu, usome sura yake kwenye kitabu cha jimbo ukafanye. Bila T utafungiwa nje ya kazi nyingi sana za vifurushi. Ongeza na H ya mizigo ya hatari, hiyo ina mafunzo yake na kupigwa alama za vidole, TSA, wale wa usalama wa usafiri wa serikali kuu, wanakuchunguza. Mwenye grini kadi anaruhusiwa kuomba. Kama bado uko kwenye kibali cha muda, sheria za CDL kwa watu wa hali hiyo zimekazwa tangu mwaka 2025 na zimefika mpaka mahakamani, kwa hiyo nenda kwanza ofisi ya leseni ya jimbo lako ukaulize, usimwamini mwenye shule anayetaka ada yako.

Na Kiingereza. Sheria ya dereva kuweza kuongea na afisa na kusoma alama za barabarani ni ya zamani, ila tangu tarehe 25 Juni 2025 ukishindwa hapo barabarani unasimamishwa kuendesha papo hapo. Ndugu zangu wa Kongo na Burundi mliosoma kwa Kifaransa, hili msiliogope ila msilidharau. Maswali yenyewe hayana maajabu: unatoka wapi, unaenda wapi, umebeba nini, ulianza zamu saa ngapi, nionyeshe logi yako, yaani rekodi ya saa zako za kazi. Kaeni wawili sebuleni, mmoja awe polisi, rudieni mpaka majibu yatoke bila kufikiri. Na zile mbao za barabarani za maandishi ya taa, za upepo, za madaraja mafupi, zisome kwa sauti kila unapopita hata ukiwa na gari yako ndogo.

Saa zako zinavyohesabiwa

Una saa 11 za kuendesha ndani ya dirisha la saa 14, na kabla yake uwe umepumzika saa 10 mfululizo. Watu wanashika ile 11 wanasahau 14, na kwenye vifurushi 14 ndiyo inaua. Chukua mfano umeripoti saa tatu usiku. Dirisha lako linafungwa saa tano asubuhi, basi, haijalishi kwamba saa tatu nzima ulikaa yadi unasubiri trela lifungwe mlango. Ile saa haisimami kwa sababu wao wamechelewa. Kwa hiyo ukiwa kituo cha mbali na unaona mambo yanasuasua, mwandikie dispacha, yule anayepanga safari, mapema, mwambie "dirisha langu linafungwa saa fulani na kurudi ni saa tano za barabara", apange mwenyewe akiwa na nafasi. Ukimwambia dakika ya mwisho atakubembeleza, na ukikubali kubembelezwa logi ya elektroniki itaandika jina lako, la kwake halimo.

Baada ya saa 8 za kuendesha lazima iwepo dakika 30 mfululizo ambazo huendeshi, na kama umetumia dakika 30 kuunga na kukagua matrela hapo yadi hizo zinahesabika. Kwa wiki ni saa 60 ndani ya siku 7, au 70 ndani ya siku 8, kutegemea kampuni, na ukipumzika saa 34 mfululizo hesabu inaanza upya.

Ukiweza kuchagua, tafuta ruti ya kukutana njiani: wewe unatoka kwenu na matrela, mwenzako anatoka kwao, mnakutana katikati usiku, mnabadilishana, kila mtu anarudi nyumbani kwake. Hizo ruti unalala kitandani kwako kila siku. Kwenye mlango wowote niliotaja hapo juu uliza kama zipo. Kazi ya timu ina pesa zaidi lakini unalala gari likitembea, na mwenzako ukikosea kumchagua ni mateso, kwa hiyo kabla hamjapanda pamoja ongeeni mambo madogo madogo, nani anavuta sigara, hita iwe kiasi gani, tunasimama saa ngapi kuswali, simu ya spika hapana.

Kuunga seti ya matrela mawili

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu hapa ndipo watu wanaumia. Seti ya kawaida ya vifurushi ni matrela mawili mafupi ya futi 28, na katikati yake kuna doli, kile kigari kidogo chenye magurudumu na sahani juu, ambayo trela la nyuma linakaa na pini yake ya chini inajifunga humo. Cha kwanza kujua ni uzito. Lililo zito linakaa mbele, jepesi nyuma, siku zote. Karatasi ya mzigo itakwambia, na kama karatasi na macho yako havikubaliani, uliza. Ukiweka zito nyuma, ukikwepa kitu ghafla mkia unachapa kama kiboko na ndio unaoanza kulala chini.

Unaunga trela la mbele kwanza, unarudi taratibu kwenye doli unalifunga kwenye ndoano ya nyuma, unafunga minyororo ya usalama, halafu unarudisha doli chini ya trela la nyuma. Kabla ya kusukuma shuka uangalie kimo: trela liwe chini kidogo ya katikati ya sahani, ili doli likiingia liliinue kidogo. Likiwa juu sana pini inapita juu ya sahani, na hapo umeharibu vitu vya pesa nyingi. Ukishasikia imejifunga usiridhike na sauti. Chukua tochi, inama, angalia taya zimeshika shingo ya pini, siyo kichwa chake. Vuta mbele kidogo breki za trela zikiwa zimefungwa uone kama inashika.

Halafu hewa. Funga paipu zote, fungua vali za nyuma ya trela la mbele, za doli kama zipo, na zile za mwisho kabisa nyuma ya trela la pili ziwe zimefungwa. Jaza hewa, tembea mpaka nyuma kabisa kwa miguu yako, fungua kidogo ile vali ya mwisho usikilize. Ukisikia hewa inatoka kwa nguvu, breki zinafika mpaka mwisho, funga. Ukisikia kimya, kuna vali umesahau huko katikati na trela lako la nyuma halina breki. Hii ni kazi ya dakika moja. Usiku wa baridi ya kuganda, dispacha anakupigia honi, mzigo umechelewa, bado utatembea mpaka nyuma.

Wakati wa kuachia, sheria moja uishike kama jina la mama yako: usifungue kamwe ile ndoano ya doli wakati doli bado liko chini ya trela la nyuma. Mkono wa doli unaweza kuruka juu kwa nguvu ukakuvunja taya au kifua. Toa doli chini ya trela kwanza, lipeleke pahali pa wazi, ndio ufungue ndoano. Na ukishaunga seti usijiingize sehemu ambayo itabidi urudi nyuma, matrela mawili hayarudi nyuma vizuri, utaishia kuyaachanisha hapo hapo barabarani usiku.

Matairi ya mbele yawe na kina cha meno kisichopungua 4/32 ya inchi, mengine 2/32, nunua kipimo chako mwenyewe ukae nacho mfukoni. Umbali wa kufuata gari la mbele ni sekunde 1 kwa kila futi 10 za urefu wa gari lako, ongeza 1 ukivuka maili 40 kwa saa, kwa hiyo seti ya futi 70 ni sekunde 8. Hesabu kweli kwa mdomo.

Usingizi wa mchana

Sasa nyumbani. Ukirudi saa mbili asubuhi mwili unaona jua unafikiri siku imeanza, kwa hiyo vaa miwani ya jua ukiwa unarudi, usikae sebuleni kuangalia habari, kula kidogo, oga, ingia chumbani. Chumba kiwe na giza totoro, kanunue mapazia mazito au piga blanketi dirishani, washa feni hata kama hakuna joto, ile sauti yake inafunika makelele ya jirani na watoto. Chumba kiwe cha baridi.

Tatizo letu kubwa kuliko jua ni simu. Piga hesabu uone: uko saa za mashariki ya Marekani, umelala, ni saa nne asubuhi. Nyumbani Dar au Nairobi ni saa kumi na moja jioni majira ya joto ya huku, na saa kumi na mbili jioni majira ya baridi. Huo ndio muda ambao watu wametoka kazini, wamekaa, wanakukumbuka. Anapiga mama, anapiga mjomba, grupu la harusi linaamka. Na wewe ukiwa barabarani saa sita usiku, kwao ni asubuhi, wanapiga tena. Kwa hiyo kaa na familia waambie kinagaubaga: mimi usiku nafanya kazi, mchana ndio usiku wangu, nipigieni muda fulani, na chagua muda ule baada ya kuamka kabla hujaenda kazini hata kama kwao umesogea. Simu izimwe sauti, uruhusu namba mbili tu za dharura. Mama mweleze kwa upole kwamba hujamtupa, mtumie ujumbe wa sauti kila ukiamka, ataulizia ukichelewa kuutuma. Barabarani usishike simu mkononi kabisa, kwa mwenye CDL ni kosa la serikali kuu.

Mwenzi wako naye ahusishwe. Mke au mume asiyeelewa kwamba saa nane mchana kwako ni usiku wa manane atakuamsha umpeleke dukani, na siyo ubaya, haoni tu. Wekeni karatasi mlangoni, hata watoto wadogo wanaelewa mchoro. Misiba na sherehe za jumuiya pia, hutaweza kufika zote, toa mchango, piga simu, lakini usitoke harusini alfajiri ya Jumapili ukaingia kwenye seti Jumapili usiku hujalala.

Chakula: ugali mkubwa na nyama saa tisa usiku ni dawa ya usingizi. Kula mlo mzito kabla ya zamu, njiani kula vidogo, ndizi, karanga, mayai, chapati moja, chai kwenye chupa. Kahawa inywe nusu ya kwanza ya zamu tu, vinginevyo itakungojea kitandani. Saa ngumu ni kuanzia saa nane usiku mpaka kumi na mbili alfajiri, hapo ukianza kugusa mstari wa pembeni au hukumbuki maili chache zilizopita, simama pahali halali, lala dakika 20. Muziki na dirisha wazi havifanyi kazi, vinakupa dakika chache za kujidanganya. Na wale mliozoea miraa huko nyumbani kwa safari za Mombasa au Malaba, hapa ni marufuku kisheria, achana nayo kabisa. Bangi nayo hata jimbo lako likiihalalisha, kwa dereva wa CDL bado ni kufeli kipimo, na ukifeli jina linaingia kwenye rejista ya serikali ambayo waajiri wanaangalia, na tangu Novemba 2024 jimbo linakushusha leseni yenyewe.

Baridi

Matrela ya vifurushi mara nyingi ni mepesi kuliko yanavyoonekana, maboksi yanajaza nafasi kabla hayajajaza uzito, kwa hiyo upepo unayapenda. Barabara kuu ya I-80 kule Wyoming unaangusha malori kila msimu. Wakifunga barabara kwa magari mepesi, lako nalo ni jepesi, simama. I-70 ya Colorado kati ya Dotsero na Morrison lazima uwe na minyororo ya tairi ndani ya gari kuanzia 1 Septemba mpaka 31 Mei, na jifunze kuifunga mchana mkavu ukiwa yadi. Kwenye barafu zima breki ya injini, ndiyo inayotelezesha magurudumu ya kichwa cha lori bila wewe kugusa kitu.

Desemba na Januari

Kuanzia sikukuu ya Thanksgiving, mwishoni mwa Novemba, mpaka Krismasi kazi inakuwa tele, hata wageni wanapata safari kila siku, hundi zinanona. Huo ndio wakati rahisi wa kuingia, kampuni zinatafuta madereva wa msimu kuanzia Septemba na Oktoba, kwa hiyo leseni na T ziwe tayari kabla ya hapo. Ila Januari mzigo unashuka na wa mwisho kuingia ndiye wa kwanza kuambiwa leo hakuna kazi. Usichukue gari la mkopo kwa hundi ya Desemba, wala usiahidi kumalizia nyumba ya kijijini kwa hesabu ya Desemba. Weka pembeni pesa ya miezi miwili ya kodi ya nyumba, mwambie dispacha akuweke kwenye orodha ya wa ziada na upokee akipiga, na hizo siku tupu za Januari na Februari zitumie kwenda kufanya mtihani wa H.